Mrushaji Aliyefichwa

Bwana Hutchens aliingia ukumbi wa chakula saa moja na robo asubuhi, na vijiko vikanyamaza. Wachezaji wa timu ya Omaha, timu ya mpira wa Kimarekani, walimwita Mtoa Roho. Hakuwa mbaya, alikuwa mzee mpole mwenye viatu vya raba na picha za wajukuu kwenye simu. Ubaya ulikuwa kwenye kazi yake. Kila mwisho wa Agosti, timu inapopunguza watu tisini wabaki hamsini na watatu, ni yeye anayetumwa kumgusa mtu bega na kumwambia maneno yale yale.

Akaipita meza ya walinzi, nao wakainamia mayai yao kana kwamba wameona nywele ndani. Akaipita meza ya wakimbiaji. Akasimama nyuma ya Trevin Broussard.

"Trevin, kocha anakuhitaji. Njoo na kishikwambi chako."

Ndani ya kishikwambi kile mlikuwa na mbinu zote za timu. Ukiambiwa uje nacho, ujue hutatoka nacho.

Trevin alikuwa mrushaji, yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua aurushie nani, ila mbele yake walikuwepo warushaji wengine wawili, kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba alikuwa hajaamua chochote cha maana. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Timu ilimchagua Aprili, timu zote zinapogawana vijana wa vyuo kwa raundi saba, yeye raundi ya sita, kutoka chuo kidogo cha Louisiana ambacho watangazaji walikosea hata kukitamka. Sasa meza nzima ilikuwa inatazama sahani. Ndiyo desturi yao: anayeitwa hatazamwi. Wenyewe wanasema ni heshima. Ni woga mtupu, kana kwamba kuachwa kunaambukiza kama mafua.

Akanyanyuka, na ilimbidi aume shavu kwa ndani asije akacheka. Maana yeye alijua jambo wasilolijua wao.

Alhamisi iliyotangulia, saa chache kabla ya mechi ya mwisho ya majaribio, Kocha Rademacher alimwita ofisini akafunga mlango.

"Dogo, sema kweli. Bega linakuuma?"

"Hapana, kocha. Liko poa kabisa."

"Hebu fikiria vizuri."

Trevin akafikiria, asione cha kufikiria. Kocha akacheka, akaegemea kiti.

"Sikiliza. Warushaji naweza kubaki nao wawili tu. Jumanne nitakuacha, na hapo timu yoyote ina ruhusa ya kukudaka mpaka Jumatano saa tano asubuhi. Wasipokudaka, saa tano na dakika moja nakurudisha, kikosi cha mazoezi, wale wasiohesabiwa kwenye hamsini na watatu. Unajifunza hapa hapa, mwakani wewe ndiye wangu wa pili. Sasa nikikuchezesha leo, ukarusha kama ulivyorusha juzi mazoezini, nani atakuachia? Si watakunyakua mchana kweupe?"

"Kwa hiyo nikae benchi?"

"Ukae benchi na sababu. Nitawaambia waandishi bega limekaza kidogo. Wewe weka barafu, basi, kazi imeisha. Na hii ni yangu na yako. Hata mzee wako usimwambie. Watu wa Louisiana nawajua, siri kwao haivuki chakula cha mchana."

Kuficha kijana si jambo geni katika mchezo ule. Kila timu ina wake inayemfunika asionekane. Kwa mtu wa raundi ya sita, kuambiwa kwamba wewe ni wa kuibiwa ni sifa ya kumlewesha. Trevin akalewa. Akakaa benchi mechi nzima na mfuko wa barafu, bega likamfa ganzi kwa baridi tu. Robo ya mwisho, ambayo vijana kama yeye huisubiri tangu Aprili kwa sababu ndipo timu nyingine zote zinapowatazama, akaicheza mrushaji wa pili. Alirusha vibaya. Trevin alimpigia makofi kwa mkono wa kushoto, akajiona mwerevu.

Basi Jumanne ile aliingia kwa kocha kama mtu anayeingia kuigiza. Mkurugenzi wa timu alikuwepo pia, kwa hiyo mambo yalikwenda kirasmi.

"Tumeamua kukuacha, Trevin. Tunakushukuru kwa bidii yako."

"Asante, kocha."

"Simu yako iwe wazi."

Kocha akakonyeza, au jicho lilimwasha. Trevin alichagua kuamini kwamba amekonyeza.

Kutoka hapo wakampeleka kwa daktari, maana mtu haachwi mpaka apimwe na kutia sahihi kwamba anaondoka mzima. Daktari akamzungusha mkono juu, chini, nyuma.

"Nani kasema hili bega lina kasoro? Hili la kubebea zege!"

Wakacheka wote wawili, karatasi ikapigwa muhuri na kutiwa kwenye jalada. Alipofika kwenye kabati lake, jina lilikuwa limeshabanduliwa na vitu vyake vimetiwa kwenye mfuko mweusi wa takataka. Alijua ndivyo wanavyofanya. Hata hivyo alisimama pale kitambo, akautazama mfuko, na kicheko kikamwisha.

Hoteli ya timu ilikuwa kando ya barabara kuu, mkabala na duka la matairi. Aliyekuwa akilala naye chumba kimoja aliachwa Jumamosi, na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa kwa kukazwa hivi kwamba hata kukikalia Trevin aliona haya. Kundi la wachezaji kwenye simu, lililokuwa halilali kwa utani, lilikuwa limemtoa kabla hajafika chumbani. Akakaa. Mchana akala mkate wenye nyama uliopoa, akitazama watu wakibadilisha matairi.

Saa kumi jioni baba yake akapiga. Alcide Broussard aliendesha lori la miwa huko Saint-Aubin, Louisiana, na hakujua kuongea kwa simu bila kupiga kelele.

"Mwanangu! Redio inasema wamekuacha. Wanaongopa, eh? Niambie wanaongopa."

"Ni kweli, baba. Lakini tulia."

"Nitulie vipi? Ni hilo bega! Niliona barafu kwenye televisheni, nikamwambia mama yako, huyo mtoto anaumwa, anatuficha. Kanisani tumekuombea Jumapili nzima. Dada Philomene wa maombi amefunga."

"Mwambie ale, baba. Tafadhali."

"Ale vipi wewe unaumwa?"

Maneno yalimfika Trevin mdomoni, akayameza. Siku moja tu, akajiambia, kesho nitamweleza yote tucheke pamoja. Akasema asubiri mpaka kesho saa tano, akakata simu, na chumba kikawa kimya kuliko kabla haijalia. Kumdanganya baba kulimuuma. Alikuwa hajawahi kumficha hata matokeo ya hesabu.

Jumatano asubuhi aliweka simu mezani akakaa mbele yake. Katika Marekani nzima, kati ya vijana mamia walioachwa jana yake na kukesha wakiomba simu ilie, ni yeye peke yake aliyekuwa akiomba isilie. Saa nne, kimya. Saa nne na nusu, kimya. Kila dakika iliyopita ilimpa raha. Saa tano kamili ikafika, hakuna timu iliyomtaka, na Trevin Broussard akaruka juu peke yake chumbani kama mtu aliyefunga bao.

Saa tano na dakika moja, kimya. Na kumi, na ishirini. Akavaa viatu ili awe tayari. Saa sita kasorobo akampigia kocha. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia wakala wake, Marla Stopka, mwanamke asiyejua kupaka maneno sukari.

"Omaha wamejaza nafasi, Trevin," Marla akasema. "Kuna mrushaji ameachwa jana huko Mashariki, ana misimu minne. Wamemchukua saa tano na dakika tatu."

"Lakini kocha aliniahidi!"

"Najua aliahidi. Pengine hata alimaanisha. Huyo mwingine alikuwa hajaachwa bado wakati anaahidi."

"Basi nitafutie kwingine. Kokote."

"Nimeshapiga kwa timu kumi na moja. Zote zinaniuliza swali moja: bega lake vipi?"

"Zima! Daktari amesaini!"

"Nimewaambia. Wanasema kila bega ni zima mdomoni mwa wakala. Wanataka kukuona ukirusha tangu liumie, na hakuna picha. Mechi ya mwisho ulikaa na barafu."

"Si waambie ukweli, kwamba haikuwa kweli."

Marla akavuta pumzi. "Niwaambie kocha alidanganya, na wewe ukamsaidia? Hapo hata nikipata anayeamini bega, nani atakuamini wewe? Nenda nyumbani. Rusha kila siku. Mtu akiumia kwenye timu yoyote, nitalitaja jina lako."

Akabaki ameshika simu iliyokatika. Alikuwa amefichwa vizuri mno, na waliomficha walikuwa wamekwisha kumsahau.

Simu ikalia mkononi. Baba.

"Eh? Saa tano imepita. Wamesemaje?"

"Hakuna aliyenichukua, baba. Hata Omaha."

Upande wa pili, Trevin alisikia lori likiunguruma, kisha likazimwa. Baba yake alipoongea tena, sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo Trevin hakuwahi kuisikia.

"Ni bega tu, mwanangu. Usiku kucha nimekuwa nikijiambia, ni bega tu. Bega linapona. Wangekuacha ukiwa mzima, wakuone huna kitu, sijui ningeificha wapi sura yangu. Lakini mgonjwa haachwi kwa sababu hawezi. Anaachwa kwa sababu anaumwa. Si ndivyo?"

Trevin alikuwa na ukweli wote kinywani, na sasa hakuna aliyemkataza kuusema. Aliutafuta mlango wa kuutolea bila kumbomoa mzee yule aliyekaa ndani ya lori lililozimwa, katikati ya miwa, asiuone.

"Ndivyo, baba."

"Linauma sana?"

"Linauma."

"Wapi hasa? Mbele au nyuma? Philomene atauliza, anataka kuombea mahali penyewe."

Trevin akainua mkono wa kushoto, akalipapasa bega lake zima, akitafuta pa kumtajia.

"Nyuma," akasema. "Hapa nyuma."

"Basi usibebe mizigo. Nakuja uwanja wa ndege, nitakubebea mwenyewe."

Wakaagana. Trevin akakaa ukingoni mwa kitanda, mkono ungali begani, akibonyeza kwa vidole kwa nguvu zote, akitamani lingekuwa linauma kweli.