Hatujaitwa

Mume wangu kabakiwa na neno moja. Kiharusi kilipompiga kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamwachia "Tupo". Nikimuuliza kama anataka chai, tupo. Nikimuuliza kama kalowesha shuka, tupo. Wifi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, si ulikuwa unalalamika kaka hashindi nyumbani, kila siku vikao? Haya, sasa yupo!" Nilicheka na mimi. Ningefanyaje?

Neno lenyewe alilitoa kazini. Alikuwa diwani wetu sisi watu wa bondeni, wakati wilaya yetu ya mashamba ilikuwa bado wilaya, na mpaka leo watu wanamwita Diwani. Kila kikao kilianza kwa karani kusimama na kuita: Kilimani! Mtoni! Bondeni! Aliyeitwa alijibu "Tupo!", kisha akasema la watu wake. Kabla ya kuitwa hakuna aliyefungua mdomo. Zamani wa kilimani na wa mtoni walikuwa wakirushiana viti, mwisho wakawekeana utaratibu huo, na viti vikapona. Ukiitwa mara tatu usiitike, basi umekubali lolote litakalopita. Asiyekuwepo na lake halipo. Mume wangu hakukosa hata mara moja. Siku nilipokuwa na uchungu wa kifungua mimba wetu alipitia kikaoni kwanza, akaitika, ndipo akaja hospitali. Hiyo sijamsamehe, na sitamsamehe.

Halafu wilaya ikafutwa. Tukaambiwa tumeunganishwa na mji kwa faida yetu. Bango la langoni liling'olewa, ukumbi ukawa ghala la saruji, karani akahamishiwa mjini, na madiwani wakarudi nyumbani kuwasumbua wake zao. Wangu hata mwaka hakumaliza, akaanguka bafuni.

Kilichotushikilia ni zahanati. Mlango wake unatazamana na wa kwangu, nikiwa kwenye cherehani namwona nesi anavyofagia kibaraza. Alikuwa akivuka barabara kuja kumpima Diwani presha, anamkunja vidole, anamkunjua, anamtania: "Leo unanipa mkono au unaninyima?" Taratibu ule mkono uliokufa ukaanza kufufuka. Juzijuzi ulishika kijiko. Kijiko tu, lakini mimi nilikwenda kulia jikoni.

Sasa mji ukataka zahanati ifungwe, vifaa vipelekwe kwenye kituo kikubwa cha mjini. Nesi pia. Mimi nikajiuliza, huyu mwanamume mzima nitambeba mgongoni? Kwa kiuno gani? Niliposikia kuna kikao cha kupokea pingamizi nilifunga cherehani, nikamvalisha Diwani koti lake la vikao, nikakodi gari la jirani. Wazee wa kilimani na wa mtoni, madiwani wenzake wa zamani, nao walikuja, maana zahanati ni hiyo moja kwetu sote. Njiani walikuwa wakali kama pilipili. Nikasema, leo watatusikia.

Ukumbi wa mji una feni na viti vya kuzunguka. Sisi tulikaa nyuma, nguo zimepigwa pasi, mikono magotini. Karani wetu wa zamani alikuwa meza ya mbele, anaandika, hainui kichwa. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, mstaarabu tu, akasoma hoja ya zahanati. Akasema, "Mwenye pingamizi anyooshe mkono."

Haukunyooka hata mkono mmoja.

Nikamgeukia mzee wa mtoni. "Nyoosheni mikono, jamani!"

"Taratibu, mama," akaninong'oneza. "Hatujaitwa."

"Hapa hawaiti!"

"Wataita. Tukianza kuropoka watasema watu wa shamba hatuna adabu."

Mwenyekiti alitazama huku na huku. Alingoja, siwezi kumsingizia. Nikaona potelea mbali, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe. Haujafika hata begani, nikahisi umekamatwa. Alikuwa Diwani. Alinishika kwa mkono wa kulia, ule wa kijiko, ule wa nesi, akaushusha wangu mpaka pajani na kuukandamiza pale. Sikujua kama umepata nguvu kiasi hicho. Macho yalikuwa mbele kwa karani, shingo imenyooka, anasubiri zamu yake.

"Hakuna pingamizi," akasema mwenyekiti. "Imepita. Tuendelee na hoja ya soko."

Ungeziona nyuso zao. Mzee wa kilimani bado alikuwa ameinamia mbele, tayari kuitika.

Nje, karani alitufuata mbio uwanjani, faili kwapani. "Wazee wangu, mbona mlinyamaza?"

"Mbona hukutuita?" akauliza mzee wa mtoni.

Karani alitazama mlangoni kama kuna bosi wake, kisha akasimama wima palepale kwenye vumbi, katikati ya pikipiki, akaita kwa ile sauti yake ya zamani. "Kilimani!"

"Tupo!"

"Mtoni!"

"Tupo!"

"Bondeni!"

"Tupo!" Diwani aliitikia mpaka mate yakamruka. Mdomo wake uliopinda ulinyooka kidogo. Walinzi wa getini walicheka. Mimi nililia kwa hasira, na nilikuwa nimechoka, nimechoka mno, natamani hata kukaa chini. Karani akasema anasikitika, akarudi ndani, hoja ya soko ilikuwa inamngoja.

Wiki iliyofuata lori likaja. Nilikuwa uani naanua nguo, Diwani nimemkalisha barazani apate jua. Nesi alikuwa amekwisha kutuaga, nyumba yake tupu. Nikasikia dereva anagonga mlango wa zahanati, anagonga tena, kisha anavuka barabara kuja kwetu.

"Hodi! Jamani, wenyewe hawapo?"

"Tupo," akaitika mume wangu.

Nilitupa nguo, nikakimbia. Nilipofika mbele dereva alikuwa amemwinamia kwa heshima, anaupokea mkono wake wa kulia kwa mikono miwili.

"Nashukuru, mzee," alikuwa akisema. "Nilihofia kubeba vitu vya watu bila ruhusa."

Akawapungia vijana wake waanze na kitanda.