Walioacha Kumwogopa Fundichuma

Mwalimu Leonsia aliponyoosha kidole kuonyesha kiota, nusu ya darasa la nne walifumba macho. Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, alikuwa amejenga lundo la vijiti na matope kwenye mkuyu wa shule, kando ya majabali yanayotazama ziwa. Na kila mtoto wa Ilemela alishaambiwa nyumbani: ukigusa kiota chake utatoka mabaka mwili mzima, na kwenu atakufa mtu.

Leonsia, Mhaya aliyelelewa na baba mwalimu, hakuwa na subira na maneno hayo. "Ni ndege," aliwaambia. "Anakula vyura. Kuna chura humu?" Wakacheka, na baada ya kucheka wakafumbua macho.

Muhula ule sayansi ilisomwa chini ya mkuyu. Waliokota magamba ya samaki na vijiti vilivyoanguka, wakavipima kwa rula. Walichota tope ufukweni wakajenga kiota chao. Mmoja wao, Bagenda, akaweka tofali juu yake, kikabomoka puu, wakati kile cha mtini mtu mzima angesimama juu yake kisibonyee. Malimi, binti mkimya ambaye mwanzoni alikuwa akipita mbali kabisa na mti ule, ndiye aliyekuja mbio kusema amesikia makinda yakilia. Tangu siku hiyo darasa zima lilisubiri kitu kimoja tu: kuyaona makinda yakiruka kabla shule haijafungwa. Leonsia naye alisubiri kama mtoto.

Ndipo ikaja habari ya mgeni rasmi. Anakuja kukata utepe wa matundu mapya ya vyoo, basi shule nzima ikapata wazimu wa kufagia na kupaka mawe chokaa. Mwalimu mkuu, Mayala, aliamua turubai lifungwe chini ya mkuyu penye kivuli, na hakutaka mgeni adondokewe na mfupa wa samaki kwenye suti.

"Kiota kishuke," alisema.

"Mkuu, kuna makinda mle. Si turubai likae upande wa pili?"

"Upande wa pili ni vyooni, mwalimu."

"Si ndivyo anavyokuja kuviona?"

Mayala hakucheka. Akamwita mlinzi, Mzee Shimba, ambaye alitazama juu mara moja tu, akaweka panga chini. "Mkuu, kazi hiyo mpe mwingine. Mimi nina wajukuu." Fundi wa turubai akabeba ngazi yake akaondoka hata soda hajaonja. Mayala mwenyewe, na digrii yake na tai yake, alipoulizwa kwa nini asipande, akasema ana presha.

Leonsia alicheka hadi machozi. Woga alioupiga vita muhula mzima sasa unalinda makinda yake kuliko mlinzi mwenye bunduki! Akaenda zake semina Buswelu roho ikiwa kwatu.

Aliporudi, uwanja ulikuwa unang'aa na mkuyu ulikuwa mtupu.

"Shikamoo mwalimu!" Walimjia mbio, wamejaa tope hadi viwikoni. "Tumekishusha sisi!"

"Mkuu aliuliza nani haogopi," Bagenda alisema akihema, "darasa la nne wote tukanyoosha mikono! Darasa la saba walikimbia, mwalimu!"

Malimi alikuwa ameshika boksi la chaki kwa mikono miwili. Ndani makinda yalikuwa yamelazwa vizuri, shingo zimelegea. "Tumeshayapima mabawa," alisema, akingoja kusifiwa.

Leonsia aliingia ofisini bila kubisha hodi. "Umepandisha watoto wa watu mtini! Umewafanya waue kwa mikono yao, kwa ajili ya suti ya mtu!" Kiswahili kikamkimbia, akamalizia kwa Kihaya, akipiga meza.

Mayala alimwacha amalize. "Mwalimu Leonsia, hapa hakuna mtu mzima aliyethubutu. Watoto wako wamethubutu kwa sababu umewafundisha. Nimekutaja hata kwenye risala."

Angemzaba kibao. Alimchukia mtu yule kwa shingo yake nene, kwa tai yake, na zaidi kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Aliwafundisha watoto kwamba kiota kile hakiui mtu. Kwa nini kisiguswe hakuwaambia hata siku moja. Alidhani hilo lingekuja lenyewe.

Alirudi darasani. Watoto walikaa wima, wanangoja sifa zao. Nje, fundichuma alitokea ziwani na samaki mdomoni, akatua kwenye tawi tupu. Akaruka, akauzunguka mti, akatua palepale.

Leonsia alifungua madirisha yote kwa vishindo. "Simameni!" Hakuwahi kuwapazia sauti namna ile. "Mtazameni. Yule samaki anamletea nani?"

Mikono mingine ilianza kunyooka kwa mazoea, ikashuka. Bagenda aliinamisha kichwa. Malimi alitazama mti, akatazama boksi, akaanza kulia, na kilio kikapita dawati hadi dawati. Kule nje ndege alikuwa bado anazunguka na samaki wake. Leonsia hakuwaambia wakae, wala yeye hakukaa.