Miaka Mia Moja na Sabini ya Mjomba Fidelis

Tangu asubuhi Editha alikuwa barazani kwa mjomba wake, kompyuta mapajani, akirudia hesabu aliyoikosea. Brenda, mkubwa wake wa kazi kwenye kampuni ya gesi huko Dar es Salaam, alikuwa amemrudishia bila hata salamu, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi: kisima cha gesi hakihesabiwi kwa kalenda.

Ila kilichomleta huku milimani, juu ya Mlali, hakikuwa kisima. Mjomba Fidelis alikuwa amemwita. Jumapili baada ya misa wazee wa ukoo wangekuja, naye alitaka kumkabidhi shamba mbele yao. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na Editha ndiye mtoto pekee wa Kristina, dada yake Fidelis. Kristina alifariki Editha akiwa darasa la nne. Toka hapo mjomba ndiye aliyemlea na kumsomesha, kwa kabichi za mteremko huu huu. Sasa Editha aliogopa kwamba siku mzee akikosa pa kwenda na jembe atakaa chini na hatainuka tena. Alikuwa amekuja kukataa.

"Mjomba, una miaka sitini na tisa tu," alianza. "Jirani yako Mzee Joseph ana themanini na bado analima."

"Joseph ana watoto saba wanaomlimia. Yeye kazi yake ni kusimama kwenye tuta na kukohoa." Mzee alivuta kigoda, akakaa taratibu. "Hicho kisima chako kina kosa gani?"

"Kosa ni langu, mjomba. Nilihesabu siku tangu kilipofunguliwa. Kumbe kuna miezi kilifungwa, na miezi mingine kilibanwa kikatoa kidogo, kwa hiyo kalenda inadanganya. Inatakiwa uchukue gesi yote kiliyowahi kutoa, uigawe kwa inayotoka leo kwa siku. Siku utakazopata ndizo unazofanyia kazi. Tunauita muda wa mizania."

"Kwa hiyo kisima kilichotoa sana zamani, na leo kinatoa kidogo, kitaonekana kizee kuliko umri wake."

"Ndiyo."

Chuoni Editha alihangaika na jambo hilo wiki nzima. Mzee aliyeishia darasa la saba alilimaliza kabla chai haijapoa.

Mjomba aliyatazama matuta yake. "Basi nihesabie na mimi," akasema.

Editha alicheka. Mjomba hakucheka, kwa hiyo akaweka vidole kwenye kompyuta. Matenga ya kabichi mzee aliyajua vizuri, maana aliyasuka mwenyewe kwa mianzi, yote ya ukubwa mmoja, akayabeba begani kuyashusha mpaka barabarani. Miaka ishirini ya kwanza yalikuwa sita kwa wiki. Goti lilipoharibika yakawa matatu, kwa miaka kumi na tano. Miaka mitano hii ya mwisho, moja. Kila mwaka Editha aliondoa wiki mbili, Juma Kuu na ile ya Noeli, kwani wiki hizo mzee hakubeba mzigo.

"Elfu nane na mia tano," Editha alisema. "Na sasa unashusha tenga moja kwa wiki. Kwa hiyo ni wiki elfu nane na mia tano."

"Miaka mingapi hiyo?"

Akagawa kwa hamsini. "Mia moja na sabini."

Alikuwa amejiandaa kutania, utani ukamkauka mdomoni. Alimtazama mjomba wake, akaona bega la kulia lilivyoshuka chini ya la kushoto. Bega hilo alikuwa ameliona maisha yake yote. Sare zake za shule zilipita hapo, na ada, na godoro la bweni. Naye Editha amepanda mlima akishikilia ile miaka sitini na tisa, hesabu ya kalenda ileile iliyomuumbua ofisini. Aliona aibu, na alimpenda mno mzee huyu.

"Mbona hukuniambia umechoka, mjomba?"

"Nilikwambia nataka kukukabidhi shamba. Ulitaka niseme nini tena, mama?"

Editha alifuta macho kwa kanga. "Nikilipokea, asubuhi utakuwa unaamka ufanye nini?"

"Nitalala. Nikishiba usingizi, nitakuja kukuonyesha unavyokosea kupanda."

Jumapili walikuja wazee wanne. Mkubwa wao alimuuliza Editha kama analipokea shamba la mama zake. Njia nzima kutoka Dar alikuwa amepanga maneno ya kukataa, tena mazuri.

"Napokea," alisema. "Mansuri, kijana wa jirani, atanilimia nikiwa kazini. Likizo zangu zote nitakuwa hapa."

Mjomba Fidelis aliinamisha kichwa, akashusha pumzi ndefu.

Jumatatu jua lilipanda mpaka kwenye tuta la juu na mlango wa mjomba haukufunguka. Editha alisogea akatega sikio, moyo ukimdunda, akasikia mkoromo mzito, wa raha. Alirudi barazani, akakaa. Wanawake waliokuwa wakishuka na mboga zao wakamsalimia kwa sauti, naye akawainulia mkono.

"Taratibu, mama zangu," aliwaambia. "Mjomba amelala."