Leseni ya Marehemu

Sikuona haya kwenda kuomba leseni ya kucheza, na sioni haya kusimulia. Miaka mingi nilisimama kiwandani kwenye kitongoji cha Plymouth nikipanga chupa kwenye maboksi mpaka mgongo ukakataa. Kwenye klabu ya wacheza uchi, katikati ya Minneapolis, nilifanya kazi muda mfupi zaidi na nikarudi nyumbani nikicheka. Anayetaka kunihukumu na anihukumu, ila asinivizie mlangoni pa kanisa.

Sheria mpya ilitaka kila mchezaji awe na kadi ya leseni yenye picha, jina lake la kwenye vitambulisho na jina lake la jukwaani. Kadi hiyo ilipaswa kutundikwa ukutani kwenye chumba cha kuvalia ili mkaguzi aione. Wenzangu walijipa majina ya manukato na vito. Mimi nilipoulizwa langu la jukwaani, ulimi ulitangulia akili.

"Maombi," nikasema.

Hilo ndilo jina langu. Gentille Bagalwa, lililo kwenye kila karatasi yangu ya Marekani, ni jina la msichana aliyekufa.

Tulikuwa wakimbizi kambini Tanzania, mimi na yeye wote tuna miaka kumi na tisa. Yeye alikuwa binti wa pekee wa Mama Bernardine, mimi yatima niliyelelewa nao. Faili lao la safari ya Marekani lilikuwa limeshaitwa, picha bado kupigwa, malaria ilipomchukua. Watu kambini walikuwa wakiambizana kwamba ukitangaza msiba, faili linarudi chini ya rundo. Basi nafasi yake nikapewa mimi. Tulimzika alfajiri bila wimbo, bila kilio, na asubuhi ileile tukaenda kupigwa picha.

Tangu siku hiyo Mama hakuwahi kuniita Maombi. Mbele ya maofisa aliniita Gentille kama anayemeza mwiba. Nyumbani kwetu, kwenye kitongoji cha Crystal, niliitwa "wewe". Wewe, njoo ule. Wewe, funga mlango. Nilimpenda hivyo hivyo. Sina mama mwingine, na duniani niliogopa kitu kimoja tu, kumpoteza.

Mficha uchi hazai, nami kazi yangu siifichi. Niliiweka kadi mezani. Mama aliisoma polepole, jina la kwanza, kisha la pili, chini ya uso mmoja.

"Kazi utafanya yenye unapenda, uko mutu mukubwa," alisema. "Lakini hii jina nilibatizishia mutoto yangu. Nilikuazima juu tuvuke. Si juu uitundike ku ukuta ya bar."

"Mama, huku sina jina ingine. Nikisema tulidanganya, batatufukuza sisi bote."

"Basi tundika. Lakini ye hatakubali."

Nilicheka, maana mimi si mtu wa mizimu. Lakini tangu kadi ipande ukutani, chumba cha kuvalia kilianza kunuka moshi wa kuni. Kisha siku moja Velma, Mkenya tuliyekuwa naye zamu moja, alinishika mkono nikirudi humo kutoka jukwaani.

"Si ulikuwa stage? Nimekuona hapa kwa kioo sai, umevaa kitenge. Nimekugreet ukaninyamazia."

Niliogopa, sitadanganya. Siku zilizofuata nilicheza nikihisi kuna mtu nyuma ya kila hatua yangu, na Gentille kucheza kwenyewe hajui, maskini, alikuwa mwimba kwaya.

Jumamosi mchana nilimkuta Mama kwenye chumba kile, yeye ambaye hajawahi hata kupita mtaa ule. Koti lake la baridi lilikuwa limefungwa mpaka kidevuni. Velma alikuwa amemfungulia mlango wa nyuma akidhani amepotea. Wasichana walijifunika taulo kwa heshima. Mama hakuwatazama, wala mimi hakunitazama. Aliibandua kadi ukutani, akaifuta kwa kiganja, akaisemesha.

"Gentille, twende ku nyumba. Mama amekuja kukubeba."

Akatoka naye. Nasema "naye" kwa sababu Velma aliushikilia mlango muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu mmoja kupita, na nilipomuuliza kwa nini, alianza kulia.

Meneja alisema bila kadi ukutani sipandi jukwaani, sheria ni sheria. Nikavaa nguo zangu, nikaendesha gari hadi Crystal nikiwaka hasira. Leseni yangu, sura yangu, mgongo wangu! Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia.

Viatu vya wanawake vilijaa kwenye korido ya fleti yetu. Ndani walikuwa wakiimba nyimbo za msiba. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga amejifunga kichwani. Mama Euphrasie, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, aliponiona mlangoni alipiga yowe na kuangusha chupa ya chai. Kumbe Mama alikuwa amewapigia simu wote kuwaambia Gentille amefariki. Na Gentille wanayemjua wao, anayewapeleka kliniki kwa gari lake, ni mimi.

Wimbo ukakatika. Nilijua neno moja la Mama mbele ya watu wale lingeweza kutufukuzisha nchini, na nilimwona usoni kwamba atalisema.

"Musiogope," alisema. "Huyu hapana ye. Huyu anaitwa Maombi. Alikuwa rafiki ya mutoto yangu. Mumupatie nafasi akae."

Rafiki. Miaka yote nililitamani jina langu kinywani mwake, na siku alipolitamka nikaacha kuwa binti wa mtu. Iliniuma kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuuma. Wanawake walisogea. Nilivua viatu, nikaketi mwisho wa mkeka, wanapoketi majirani, nikamlilia Gentille.