Nyongo Kwenye Ndoo

Risasi ililia mara moja tu, na Daktari wa mifugo akabonyeza saa yake ya mkononi.

"Una dakika ishirini, mama," alisema. "Zimeshaanza."

Shangazi alikuwa ameshaondoka kumwelekea mnyama. Hakukimbia, maana mwenye kisu hakimbii, lakini mguu wake ulikuwa mwepesi kuliko umri wake. Watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi miaka, tangu enzi zile alipokuwa akichinja mbuzi kuanzia alfajiri na kuwagombeza wanunuzi kana kwamba ni watoto wa kaka yake. Machinjio yale yalifungwa miezi saba iliyopita. Tangu hapo alikuwa akiishi kwa dada yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; yeye walimpa kisu cha mboga, kibutu, chenye mpini wa plastiki. Miaka thelathini ya kazi, halafu unakaa kwenye kigoda unamenya viazi vya watu! Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Leo alikuja kutafuta kibali. Shamba la kulungu wa kigeni, wale wenye pembe za matawi, lilihitaji mtu mmoja wa kuwapasua wanyama palepale wanapoanguka, kabla joto halijaharibu nyama, na bila kibali cha Daktari huruhusiwi kushika hata kwato. Waliojitokeza kwenye mtihani walikuwa wawili tu: yeye, na bwana mmoja mnene aliyekuwa mpishi wa shule, ambaye asubuhi ile alijimwagia chai shatini. Shangazi alimtazama mara moja, akamwonea huruma, kisha akamsahau.

Kulungu alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi fupi. Lilikuwa dume dogo, limemzidi mbuzi kidogo tu, lenye vipembe vya matawi mawili, na risasi ilikuwa imempata juu ya shingo. Aliyempiga alisimama kando na bunduki yake iliyokwisha kufunguliwa. Huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada, mpiga risasi wa shamba. Yeye ndiye aliyekwenda kwa meneja kumwombea nafasi, akamdhamini kwa jina lake.

"Nimekulazia vizuri, shemeji," alisema. "Kazi kwako."

"Kulaza ndiyo nini? Hata usingizi unalaza watu," Shangazi akamjibu bila kuinua macho, na Mpishi akacheka peke yake, cheko la mtu mwenye hofu.

Alivaa glavu. Akatandika kitambaa safi juu ya nyasi, akapanga vyombo vyake: kisu kifupi kisichozidi urefu wa kiganja, kisu cha ndoano, vipande viwili vya uzi, msumeno mdogo, vitambaa vikavu. Maji hakuweka. Wapumbavu humwaga maji ndani ya mnyama wakidhani wanasafisha, kumbe wanatembeza uchafu kutoka pembe moja mpaka nyingine. Kwanza akachoma chini ya koo, damu ikatoka. Akapasua ngozi ya shingo kidogo, akautafuta umio kwa kidole, akaufunga kwa uzi mafundo mawili ili yaliyo tumboni yasirudi juu. Akamgeuza chali. Akamzungushia kisu chini ya mkia, taratibu, akaitoa njia ya haja nzima bila kuitoboa, akaifunga nayo.

Dakika sita zilikuwa zimepita.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye ubao wa kuandikia na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Alizunguka upande huu na upande ule bila kusema neno. Watu wakimya wanaoandika walimkera Shangazi siku zote. Mtu akiwa na neno alitoe!

Sasa tumbo. Hapa ndipo mikono mibovu inapojulikana. Alifinya ngozi juu ya kitovu, akaiinua, akaitoboa tundu dogo la kidole. Akaingiza ndoano, makali yakitazama juu, na vidole viwili vya mkono wa kushoto chini yake vikiyasukuma matumbo yakae mbali na chuma. Akavuta. Ngozi ikafunguka kama zipu ya begi, kutoka ndani kwenda nje, na hakuna unywele hata mmoja ulioanguka kwenye nyama. Mpishi akaguna kwa kustaajabu. Shangazi alisikia utamu wa miezi saba ukimrudia mikononi, akajikuta anatabasamu.

Kibofu akakibana kwa vidole, akakikata hapo alipobana, akakiweka kwenye ndoo ya kwanza, ile ya uchafu. Kiwambo cha kifua akakikata kukizunguka, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akashika koromeo, akavuta. Tumbo kubwa, utumbo, mapafu, moyo, vyote vikaja kwa mvuto mmoja, vikatua juu ya nyasi bila kuvuja. Kitu kizima, safi! Akalichukua ini aliweke kwenye ndoo ya pili, ya vitu vya kukaguliwa.

Na kama alivyofanya maelfu ya mara, akaligeuza ini na kupeleka vidole viwili chini yake ili aibane nyongo kabla haijachezewa.

Vidole havikukuta kitu.

Akaligeuza tena. Ini lilikuwa laini, jekundu lililokolea, lisilo na kifuko chochote. Akapapasa upande wa pili. Hapakuwa na nyongo.

Kila mchinjaji wa mbuzi anajua maana yake: kama nyongo haiko mahali pake, basi imepasuka, na ikipasuka uchungu wake unatembea ndani ya nyama, na mchinjaji aliyepasua nyongo huchekwa mwaka mzima. Alikuwa amewacheka wengi. Mmoja alimpachika jina mpaka akahama kazi. Sasa akainama, akachungulia ndani ya kifua cha kulungu akitafuta ukijani, na kwa hofu aliyokuwa nayo kila unyevu aliuona kijani. Akafuta kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na damu tu. Akafuta tena.

Asubuhi Daktari alikuwa amewapa sharti moja: ukitoboa kitu chochote, sema hapohapo. Hakusema kwamba anayesema anafeli. Hilo Shangazi alijiambia mwenyewe.

Shemeji alikuwa ameona. Hakujua ni nini, lakini alimjua shemeji yake, na alijua kwamba mikono yake haina kawaida ya kusimama. Akasogea kana kwamba anatazama jeraha la risasi.

"Kuna nini?" akanong'ona.

"Nyongo. Sijui imepasukia wapi."

"Futa. Funga. Unapata hasara ya nini?"

"Dakika kumi na nne zimepita," Daktari akasema.

Shangazi akaona jiko la dada yake. Aliliona kweli, na beseni lake la maganda, na dada akisema kwa upole, upole ule unaochoma, "Si neno, pumzika tu hapa." Akafuta mara ya tatu, akalidumbukiza ini kwenye ndoo ya pili, akasimama.

"Nimemaliza."

Daktari akaja. Akapiga magoti, akawasha tochi ndogo, akaingia na kichwa chake karibu kizima ndani ya mnyama. Alikaa humo muda mrefu. Akakagua fundo la juu, akakagua fundo la chini. Akakata tezi moja karibu na utumbo, akaitazama, akaridhika. Kisha akalichukua ini.

"Kazi safi sana," alisema, na Shangazi akapata kupumua. "Nyongo je?"

Aliuliza kama mtu anavyouliza saa ngapi, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Nimeitoa," Shangazi akasema. "Ilikuwa nzima. Nimeitupa kwenye ndoo ya uchafu."

"Nzima?"

"Nzima kabisa, Daktari. Mimi na nyongo tunajuana."

Shemeji akakohoa. Daktari hakuitazama ndoo. Aliandika mstari mmoja, akapindua ukurasa, akamwita Mpishi.

Risasi ya pili ililia upande wa pili wa uzio. Shangazi aliwafuata kwa nyuma akiwa amekikunja kitambaa chenye damu na kukitia mfukoni. Mpishi alikuwa msiba wa kutazama. Alifunga umio mafundo matatu na bado hakuyaamini. Ndoano ikamteleza, manyoya yakaingia. Alipokuwa anauvuta utumbo akautoboa kidogo kwa kucha ndani ya glavu, na papo hapo akaacha kila kitu, akainua mikono yote miwili juu.

"Nimetoboa! Daktari, hapa, nimetoboa, samahani sana."

"Onyesha. Kata nyama yote inayoguswa, upana wa vidole vitatu. Haya, endelea."

Akakata, jasho likimtiririka puani. Alimaliza dakika ya kumi na tisa na nusu, akahema kama aliyebeba gunia. Daktari akapiga magoti, akawasha tochi, akafanya yaleyale. Akalichukua ini.

"Nyongo je?"

Mpishi akakodoa macho. Akalitazama ini, akaitazama ndoo, akayatazama matumbo yaliyotapakaa nyasini. Uso ukamwanguka.

"Sijaiona, Daktari. Nimeitafuta kila mahali. Nadhani nayo nimeipasua. Niandikie tu kwamba nimeipasua."

"Hujaipasua," Daktari akasema. "Kulungu wa jamii hii hawana nyongo. Hawajawahi kuwa nayo."

Akaandika.

Shangazi alisikia maneno yale yakimwingia moja moja. Alitamani nyasi zifunguke zimmeze. Hakuwa amepasua kitu! Kazi yake ilikuwa safi tangu fundo la kwanza mpaka la mwisho, safi kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuinama kwenye shamba lile, na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, ameitupa kwenye ndoo. Alitazama pembeni, akamkuta shemeji yake amefumba macho.

Daktari akaja taratibu, akasimama mbele yake. Hakukunja uso. Heri angekunja.

"Mama, twende ukanionyeshe ile ndoo."

Palikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angeweza kusema kunguru ameichukua. Angeweza kusema alidhani kibofu ndicho. Maneno yote mawili yalimfika kwenye ulimi, na akayaonea kinyaa.

"Hakuna haja," alisema. "Hakuna kitu humo. Sikuiona, nikaogopa, nikadanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakitaka hiki kibali kuliko ninavyotaka kula."

Daktari akashusha ubao wake.

"Sijaona mikono kama yako," alisema. "Nikisema hivyo nasema kweli. Ila sikiliza. Mpasuaji huwa peke yake. Matumbo yanabaki huku, yanazikwa. Mimi nikikaa kule kwenye chumba baridi naletewa nyama na karatasi, basi. Karatasi inasema utumbo ulikuwa salama, maini yalikuwa salama, hakuna kilichotoboka. Siku yenye ugonjwa, aliyeuona ni wewe tu. Nikuamini kwa lipi?"

"Sitarudia."

"Huenda. Ila leo sijui, na wewe pia hujui. Njoo tena mwakani."

"Daktari," shemeji akaingilia, kofia mkononi, "tafadhali, huyu mama namjua mimi, nimemdhamini mimi."

"Nimekusikia, mzee. Hata mdhamini alikuwepo pale karibu na jeraha akinong'ona."

Shemeji akarudisha kofia kichwani.

Mpishi alisaini karatasi yake. Mnyama wake, aliyejaa manyoya na mwenye pengo ubavuni, alifungwa lebo mguuni akapakiwa kwenye gari la chumba baridi. Mpishi alipopita mbele ya Shangazi hakujua aweke wapi macho.

"Dada, wewe ndiye fundi," alisema.

"Na wewe ndiye umepata. Nenda, nyama inapata joto," akamjibu, na hakuwa na kijicho sana, ila kidogo tu.

Wakarudi kwa yule dume wa kwanza, aliyebaki juu ya nyasi. Daktari akatoa kopo kwenye sanduku lake, akalifungua. Ndani mlikuwa na dawa ya buluu, ile inayomwagiwa nyama iliyokataliwa ili mtu asije akaila kwa bahati mbaya.

Shangazi akaruka kana kwamba amechomwa. "Huyo si mzima? Umemkagua mwenyewe!"

"Nimemkagua. Lakini karatasi yake ina uongo juu yake, na siwezi kuichana nikaandika nyingine. Nyama isiyo na karatasi haiingii."

"Yote?"

"Yote."

Akatazama kazi yake. Kifua kilikuwa kikavu, cheupe na chekundu, kila kitu mahali pake, nyuzi mbili zimefungwa kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Hakuna tone wala unywele. Machozi yalimjaa, akayaacha yatoke, hakuwa na sababu ya kuyaficha tena. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe nimwage mwenyewe."

Daktari akampa kopo. Shangazi akapiga magoti, akamwaga polepole, akianzia kifuani kwenda chini, asiache mahali. Buluu ikatambaa juu ya mbavu, ikaingia kila mkunjo, mpaka vidole vyake navyo vikabadilika rangi ndani ya glavu iliyotoboka. Alipomaliza alifuta kisu, akafuta ndoano, akakunja vyombo.

Kwenye gari shemeji hakuwasha injini mara moja. Alishika usukani akitazama mbele.

"Dada yako atauliza," alisema. "Tumwambie nafasi ilishajaa. Au tumwambie Daktari ana roho mbaya. Tumwambie nini?"

Shangazi aliiweka mikono yake yenye buluu juu ya magoti, akaitazama.

"Wewe endesha," alisema. "Kusema nitasema mimi."