Msomaji wa Saa Kumi

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunyonya, redio ya jikoni ikaanza kusema kwa sauti ya mama yake.

"Habari za jioni, wasikilizaji. Mvua imeshinda ikitunyeshea tangu asubuhi, lakini hadithi yetu haiogopi matope."

Mama huyo, msomaji wa hadithi redioni, akaganda. Kweli mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Lakini yeye alikuwa likizo ya uzazi, na kipindi chake cha hadithi cha saa kumi kilikuwa kimesimamishwa kumngoja. Jioni hiyohiyo alitakiwa kumjibu meneja wa kituo: anarudi, au kipindi kifungwe.

"Mama, umesikia?" alimwuliza mama mkwe, aliyekuwa anakunja nepi.

"Nimesikia. Marudio hayo."

"Marudio yamejuaje mvua ya leo?"

"Mwanangu, kwani mvua imeanza leo kunyesha duniani?" Mama mkwe akacheka. "Lete huyo Kibonge wako nimpakate. Mimi ningekuwa wewe ningewaambia watafute mtu mwingine. Redio haikosi msomaji. Huyu atapata wapi mama?"

Sauti redioni ilikuwa inasimulia habari za mwanamke aliyefika mlangoni kwake, akashika komeo. Ile pumzi kabla ya neno zito, ule mteremko mwishoni mwa sentensi, vyote vilikuwa vyake. Tena ilisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma yeye, haina hata chembe ya uchovu. Na yeye, tangu ajifungue, sentensi yake ndefu kuliko zote ilikuwa "nyonya baba, nyonya ulale."

Akambeba mtoto mgongoni, akachukua mwavuli.

"Na mvua hii, mjukuu wangu unampeleka wapi?"

"Kazini, mama."

Kituo kilikuwa mtaa wa pili. Fundi mitambo, mtu wa mizaha siku zote, alimtazama, akageukia kioo cha studio, kisha akamtazama tena. Mzaha ukamkauka mdomoni.

"Dada, umepitia wapi? Si nimekufungulia mlango wa studio sasa hivi, kwa mkono wangu?"

"Nilikusalimia?"

"Tena ukanicheka kitambi, kama kawaida yako."

"Na mtoto? Nilikuwa naye?"

Fundi akajikuna shingo. "Nilikuuliza hajambo. Ukaniuliza, mtoto gani?"

Msomaji akasogea kwenye kioo. Mwanamke aliyeketi ndani alikuwa na blauzi iliyonyooshwa pasi na uso wa mtu aliyelala akashiba usingizi. Aliinua macho, akamwona. Hakushtuka. Alimpa tabasamu la adabu, lile analopewa mgeni aliyekosea nyumba, akaendelea kusoma.

Msomaji alihisi baridi ikimtambaa mgongoni, pale pale alipolala mwanawe. Miezi yote hiyo alikuwa ameogopa kwamba atamsahau yule mwanamke aliyekuwa yeye kabla ya kujifungua. Hakuwahi kufikiri kwamba yule mwanamke ndiye angemsahau yeye.

Angeweza kuondoka. Meneja angepata kipindi chake, mama mkwe angepata mkwe wa kukaa nyumbani, na hakuna ambaye angejua kuna kilichopungua. Tayari alikuwa amerudi nyuma hatua moja, mtoto akaamka, akalia.

Kioo kile hakikuwahi kupitisha sauti. Hata hivyo, mwanamke wa ndani alinyamaza katikati ya sentensi. Kifuani pake maziwa yalipenya blauzi, upande mmoja, kisha wa pili. Alijigusa, akavitazama vidole vyake vilivyolowa kama mtu aliyekuta damu asiyojua imetoka wapi.

"Kuna kimya hewani!" Fundi alipiga kelele. "Dada, fanya kitu!"

Msomaji aliusukuma mlango mzito. Ndani hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa na joto bado, na karatasi mezani ilikuwa imelowa mahali pamoja. Alimshusha mtoto mgongoni, akaketi, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akampakata na kumpa ziwa, akautafuta mstari kwa kidole.

Sauti ilitoka na mikwaruzo, imechoka. Ilikuwa yake.

"Mtoto anasikika anavyofyonza," fundi alimnong'oneza masikioni. "Na meneja yuko kwenye simu, anauliza ni nani huyo anayesoma. Nimwambieje?"

Alifika mwisho wa aya, akazima kipaza sauti kidogo.

"Mwambie ni mimi. Na kesho tunakuja wote wawili."

Akakiwasha tena, akageuza ukurasa.