Taa Nyekundu ya Gari la Sefu

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakivuka kwa maelfu kupitia Kagunga, na Kigoma nzima ikinuka uji na dawa ya maji, Sefu aligongwa na lori kwenye mteremko wa Mwanga. Alikuwa akipeleka masufuria ya uji uwanja wa mpira, uji uliopikwa na akina mama wa Ujiji kwa ajili ya wageni. Njiani taa nyekundu ya maji ya injini ikawaka kwenye dashibodi ya gari lake kuukuu. Akaegesha, akashuka na galoni tupu kwenda kutafuta maji, lori likamkuta akivuka barabara.

Mkewe, Mwanakombo, akaingia eda. Hakulia sana. Watu walimsifu kwa subira, naye akawaacha waseme, maana hakuona kuwa ana subira wala kingine chochote. Aliswali kwa wakati, akala alipopewa, akasikiliza nyumba.

Zaidi alimsikiliza mwanawe, Omari, mtu mzima mwenye ndevu zake. Asubuhi ya msiba baba yake alimwagiza aongeze maji kwenye gari, akasahau. Alilisema mara moja tu, watu walipotoka mazikoni: "Mama, sikuweka maji." Tangu hapo hakumtazama tena usoni. Akiitwa huitika kutoka mbali. Na sasa alikuwa amepata kazi kwenye boti, anaondoka leo hii alasiri. Mwanakombo alimwona kwa upenyo wa pazia akifunga begi, akitia nguo zote, hata kanzu ya Idi. Mtu wa kwenda na kurudi habebi kanzu ya Idi.

"Kabla hujatoka, niitie Gervasi aje alitazame gari," alimwambia.

"La nini tena, Mama? Liuzwe."

"Niitie tu, baba."

Gervasi alikuwa fundi wa Kasingirima, Muha mwenye tumbo na maneno. Kwa kuwa mwenye nyumba yumo edani, alibaki uani penye gari, naye Mwanakombo akaketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la mlango.

"Mwakeye, mama," alisalimu kwa Kiha. "Poleni sana."

"Tumeshapoa, Gervasi. Gari hilo lilivutwa kwa kamba kutoka barabarani. Kaka yangu alilifunga siku ile ile, ufunguo akaniletea mimi. Boneti haijaguswa na mtu. Nataka unijibu kitu kimoja. Lina maji au halina?"

"Halina," alisema Omari. Alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, begi miguuni.

"Kumbe fundi ni wewe?" Gervasi alimgeukia. "Basi shika spana, mimi nikalale."

Mwanakombo alisukuma ufunguo chini ya pazia. Usiku kucha alikuwa amelipima jambo hili. Likiwa kavu, hatasema uongo, na Omari ataondoka akijua kwa hakika kile anachokidhani sasa. Alimwomba Mungu ampe neno la kumwambia wakati huo. Neno hakupewa, na bado aliita fundi, kwa sababu mzigo kijana alikuwa ameshajitwika.

Boneti ililia ikifunguka.

"Hiki kitangi cha plastiki kimefubaa, huoni ndani," alisema Gervasi. "Na injini ikiwa ya moto hufungui kifuniko, utaungua uso. Marehemu asingeweza kujua." Alifungua kifuniko, akachovya kijiti. Akakitoa, akakitazama, akakichovya tena. "Omari, njoo."

"Niambie tu."

"Nimesema njoo. Mimi si redio."

Omari alisogea. Gervasi akamshika mkono, akamtumbukiza kidole.

"Nini hicho?"

"Maji."

"Yamefika wapi?"

Gervasi akajibu mwenyewe kwa sauti, uso ameuelekeza kwenye pazia. "Yamefika alama ya juu, mama. Kitangi kimejaa."

Mwanakombo alishika ukingo wa kigoda. "Washa," alisema. "Tuone taa."

Gervasi alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika. "Taa inawaka. Maji tele, na taa inawaka." Waliliacha lingurume kwa kitambo. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo. Akalizima, akairudisha swichi bila kuwasha injini, akamweka Omari mbele ya usukani. "Angalia taa. Nachomoa plagi ya kitangi." Akachomoa.

"Imezimika," alisema Omari.

"Basi waya hauna neno. Ugonjwa uko ndani."

Alitoa kidude kilichokuwa kimezama kwenye kitangi, akakifuta kwa shati, akakitikisa karibu na sikio, kikalia maji kwa ndani. Mwanakombo, binti wa wavuvi, alikijua kile kilio hata nyuma ya pazia. Amekua akikisikia kwenye majarife, nyavu za uvuvi za baba yake.

"Boya hilo," alisema. "Limemeza maji."

"Ego, ndilo hilo, mama. Limepasuka, limejaa, limezama. Likizama, taa inadhani maji yameisha."

Omari alibaki kwenye kiti cha baba yake, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Lakini sikuweka maji," alisema.

"Hukuweka," alisema mama yake. "Na maji yalikuwepo."

"Basi alishukia nini?"

"Taa ilimwambia."

"Taa ilimdanganya, Mama."

"Ilimdanganya."

"Kwa hiyo alikufa bure."

Mwanakombo aliyatazama masizi kwenye vidole vya Gervasi, chini ya pazia, alipokuwa akirudisha ufunguo. Alitaka mwanawe asiwe na hatia, na sasa hana. Kifo kilikuwa pale pale, sasa hakuna wa kukibebea lawama.

"Si wewe, Omari," alisema. "Umenisikia?"

"Nimesikia."

Gervasi akajitia kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwadhini wa alasiri alimaliza, na Omari bado yuko kwenye usukani.

"Fundi, boya jipya nitalipata wapi?"

"Kigoma hapa? Utazeeka ukilitafuta. Acha plagi nje, lakini kila asubuhi fungua utazame kwa macho yako."

"Kila asubuhi," alisema Omari. Kisha, bila kugeuka, "Mama, akina mama wanapika uji kesho?"

"Wanapika kila siku. Wageni bado wanashuka bandarini."

"Kesho nitapeleka mimi."

Mwanakombo alilisikia neno lile, kesho. Alingoja moyo wake useme kitu. Haukusema. Akasema alhamdulillahi kwa ulimi tu, kwa kuwa ulimi ulikuwa bado unaijua njia, akainuka kwenda kutia udhu.